Kivuli cha Mkorosho wa Mama

Jumanne, 4 Machi 2003

Palizi ya muhogo tangu alfajiri. Mvua ikanifukuza saa nne, nikarudi na jembe begani, matope hadi magotini. Petroli bado hakuna. Barabara ya Dar imekatika huko Rufiji kama kila mwaka, na wenye madumu Mtwara mjini wanauza kwa bei wanayojisikia. Sasa si neno, bustani haihitaji kumwagiliwa. Ikifika Mei ndipo nitakapokiona.

Kwa Somoe, mdogo wangu, mafundi wamefika. Wawili, wametoka Dar kwa meli. Wamechimba shimo bondeni kwake, wakasimamisha nguzo ya chuma, wakamwaga zege, na juu wakafunga kioo cheusi kipana kama mlango. Sola. Jua likipiga pale, pampu iliyozamishwa kisimani inavuta maji yenyewe mpaka kwenye tangi. Hakuna mafuta, hakuna kamba ya kuvuta, hakuna moshi. Watu walijaa kama wamekuja harusini. Mimi nilisimama pembeni, nikasema hongera, nikaondoka.

Nimeumia. Nimeandika ili litoke moyoni. Halijatoka.

Alhamisi, 6 Machi

Daftari hili halisomwi na mtu, kwa hiyo niseme kweli. Fomu ya Somoe ya kuombea sola ya mkopo niliijaza mimi. Yeye aliishia darasa la nne, jina lake anaandika kama anachora. Mimi nimemaliza la saba, nimefundisha kisomo cha watu wazima miaka miwili. Nilijaza fomu mbili, yake na yangu, siku moja, kalamu moja. Yangu niliipamba zaidi.

Siku watu wa mradi walipokuja kukagua bustani, nikajitia ujanja. Nilidhani wanatafuta mtu anayejiweza, asije akawatia hasara. Nikamlipa Bwana Chitanda wa Mikindani, yule ninayekodi pampu yake ya petroli, aniachie pampu kutwa nzima. Nikaipangusa, nikaiweka kando ya kisima pale watakapoiona, nikajifunga na kanga mpya. Somoe walimkuta na ndoo mbili, mgongo umepinda, hata kuwakaribisha hakuwahi.

Juzi ndiyo nimejua bwana shamba Kimaro aliandika nini kwenye karatasi yangu. Aliandika: huyu pampu anayo.

Pampu ya kukodi! Mjinga mimi, mjinga wa kutupwa.

Jumapili, 11 Mei

Mvua zimekata. Leo kumwagilia kwa kwanza. Petroli ipo ila bei haijashuka. Chitanda anadai yake ya saa, na lita ninunue mimi. Pampu ikagoma, nikavuta kamba mpaka bega likawaka. Ikaja kuwaka saa nne. Nimenywesha mchicha na nusu ya nyanya, mafuta yakaisha. Bilinganya zimelala na kiu.

Nikapita kwa Somoe. Amekaa kwenye mkeka anasukwa nywele. Anasukwa nywele, na maji yanajipandisha tangini yenyewe! Jioni atafungua mpira na kumwagilia taratibu, huku anaimba. Mumewe Ausi, kuli wa bandarini, akirudi anamkuta amekwisha kuoga. Mimi wangu alikwenda Dar mwaka wa tisini na saba, na huko ndiko aliko.

Baada ya kula nikachukua kalamu. Miaka sita nakodi pampu. Nikajumlisha mafuta, nikajumlisha saa za Chitanda. Jasho likanitoka. Hela nilizochoma zingenunua sola ile na chenji ikabaki. Hela nilikuwa nazo zote, basi tu sikuwa nazo siku moja. Zilitoka lita moja moja, chupa kwa chupa, na hakuna aliyenionyesha kwamba ninachoma mashine nzima. Nikalifunga daftari.

Jumatano, 28 Mei

Sokoni Mtwara. Fungu langu la mchicha mia. La Somoe hamsini, na kubwa. Nitashushaje mimi? Ndani ya mchicha wangu mna petroli. Ndani ya wake mna jua, na jua halimdai mtu. Anachorudisha kwa kamati ya mradi kila mwezi ni kidogo, na miaka ikipita deni linakwisha, mashine inabaki yake.

Wateja wangu wa siku zote wamenipita na vikapu vyao. Mmoja akajifanya hakuniona.

Kumbe Somoe ananiangalia. Akaniita: "Dada, leta yako hapa nikuuzie pamoja na yangu." Mbele za watu. Kwa roho safi kabisa, namjua, wala hakunikejeli. Hilo ndilo linaloniua. Angenitukana ningepumua.

Nimerudi na mchicha nusu kikapu. Nimewapa mbuzi wa jirani.

Ijumaa, 6 Juni

Habari. Maji ya Somoe yamepungua. Mwezi uliopita tangi lilijaa kabla ya alasiri. Sasa halifiki nusu. Na yeye kwa tamaa ya maji yale ameshaongeza matuta, nyanya zimejaa bonde zima. Zinaanza kunyong'onyea.

Ausi anasema ni husuda. Kuna jicho la mtu. Hakutaja jina, lakini mama mdogo Bi Fatu amekuja hapa baada ya sala ya Ijumaa, akakaa, akakataa hata maji ya kunywa. "Hawa mwanangu, una nini na mwenzio?" Nikasema sina kitu. Akaniangalia sana.

Nilifurahi maji kupungua. Ndiyo, nilifurahi. Nilikula vizuri.

Jumatatu, 9 Juni

Leo nimejua.

Mama kabla hajafa aligawa mwenyewe. Bonde kwa Somoe, mikorosho kwangu. Mmoja wa mikorosho hiyo umesimama bondeni, ndani ya shamba la Somoe. Kwetu hilo si ajabu. Ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe. Somoe hawezi kuvunja hata kijiti cha kuni kwenye mti ule bila idhini yangu, na mimi siwezi kupanda hata mchicha chini yake bila idhini yake.

Basi nilikwenda kufyeka chini ya mkorosho, maana maua yanakaribia. Saa saba nikakaa kivulini nile. Nikasikia maji kwenye bomba la Somoe yanatiririka vizuri. Mara yakakatika. Nikageuka. Kivuli cha matawi mawili kimeifikia kona ya kile kioo. Kona tu, kama kiganja! Na pampu nzima kimya. Nikakaa mpaka alasiri. Kivuli kikazidi kupanda, maji hayakurudi.

Mafundi walikuja Machi, jua liko utosini. Sasa kipupwe, jua limehamia kaskazini, mti wangu unalikinga. Ni hivyo tu. Hakuna jicho la mtu hapo.

Nikafunga kanga, nikachukua panga langu, nikapita mlangoni kwa Somoe. Yuko anapepeta mchele. Nikasalimu. Sikusema. Nimefika nyumbani sijasema.

Alhamisi, 19 Juni

Loo, leo nimeona kioja. Ausi amemleta mwalimu wa madrasa. Ameandika kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaliosha kwa maji, na badala ya kumpa mtu anywe wakalimwagia sola! Wakaipangusa kwa kanga safi, wakafunga na hirizi kwenye nguzo. Ubani, dua, watu wameinua mikono.

Na maji yakaongezeka! Saa nne asubuhi bomba linatema kwa nguvu. Watu wakapiga takbiri. Mimi nikajua. Kioo kile hakikupanguswa tangu mvua iishe, kilikuwa na vumbi la kuandikia jina. Walipangusa vumbi.

Saa saba bomba likanyamaza. Ausi akasema adui ana nguvu. Adui alikuwa amekaa chini ya mkorosho wake anakula muhogo wa kuchoma.

Nilicheka peke yangu njiani. Kisha mwanamke mmoja akitoka kisimani akaniona nakuja, akamvuta mwanawe nyuma ya kanga yake. Cheko likaniishia pale pale. Mimi si mchawi. Mimi nina wivu tu.

Jumatano, 2 Julai

Bwana shamba Kimaro amekuja na pikipiki saa mbili asubuhi, kama kawaida yake, maana saa tano lazima awe ofisini. Saa mbili jua liko upande wa pili, kivuli hakuna. Akafungua bomba, maji haya. Akasema mashine nzima, tatizo ni mtumiaji. Korosho anazijua huyu bwana kuliko sisi tuliozaliwa chini ya mikorosho, lakini sola ni ngeni kwake kama kwetu. Na kusogeza haiwezekani, imemwagiwa zege, na mkataba unasema mtu akiigusa ananyang'anywa.

Juni Somoe hajarudisha kitu. Akikosa na Julai na Agosti, pampu inakwenda kwa jina linalofuata.

Nikamvizia Kimaro kwenye njia panda. Nikamuuliza linalofuata ni la nani. Akapekua karatasi. Si langu, mimi nilishafutwa kwa kuwa na pampu. Basi nikamwambia. Pampu ile nilikodi, nilitaka nionekane. Alicheka huyo baba, akavua miwani, akafuta machozi. "Bi Hawa, watu wanaficha mali, wewe umeikodi!" Akalirudisha jina langu lilipokuwa, la pili, chini ya Somoe.

Aibu ilinishika mpaka masikioni. Na furaha vile vile. Nimetembea haraka kurudi, utadhani naitwa.

Jumapili, 13 Julai

Somoe amekuja. Ameona mwenyewe. Alikuwa anasogeza kigoda kufuata kivuli, akasikia maji yanakatika, akatazama juu. Darasa la nne, na hakuhitaji wa kumwambia.

Amekuja na bamia kwenye ungo. Akakaa chini, sio kwenye kiti. Akanishika goti kama alivyokuwa akimshika mama anapoomba kitu.

"Dada, si mti. Matawi mawili tu, ya upande wa sola. Korosho zake nitakulipa kila msimu mpaka mmoja wetu azikwe."

Nikamuuliza kama ananituhumu. Akasema hapana, hakuna aliyejua. Ningeweza kumwambia hapo kwamba nilijua tangu mwezi uliopita. Badala yake nikamtia mama kinywani. Nikasema mama aliniachia mti mzima, hakuniachia mti uliokatwa mikono, na mimi siwezi kuukata mkono mti alioupanda kwa jembe lake.

Akaikaza kanga yake.

"Haya, dada. Mti ni wako."

Bamia aliziacha.

Jumatatu, 14 Julai

Nimezipika. Zilikuwa laini.

Jumanne, 22 Julai

Leo nilikwenda na panga. Niseme hilo pia.

Njiani nilipiga hesabu, maana kichwa changu hakiwezi kukaa bure. Matawi yale mawili yanatoa korosho debe, mwaka mzuri. Upepo mbaya ukipita, au nikikosa dawa ya salfa ya kunyunyiza, nusu debe. Maji yanayopotea kwa Somoe kuanzia saa saba mpaka magharibi ni nusu ya bonde lake. Nyanya za wiki moja zinanunua debe la korosho na salfa yake. Hata mtoto wa la pili angeona. Na amesema atanilipa. Kwa hiyo si korosho. Ni mimi.

Nikapanda. Tawi limejaa maua, yananukia, nyuki wengi. Nikapiga panga kwenye kitawi kidogo kwanza, nijaribu moyo. Kikaanguka. Utomvu ukanichirizikia mkononi.

Mara nikamsikia Somoe huko chini kwenye nyanya zake zilizonyauka. Anacheka. Ausi amemwambia kitu, na watoto wao wote watatu wanacheka. Mashine inamtoka mkononi, watu wanamwona mwenye mkosi, na anacheka! Mimi nina mikorosho kumi na miwili, sijui mara ya mwisho nimecheka na mtu lini.

Nikashuka. Panga nikalifuta kwenye majani.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Wengine wamekwenda kwenye maonyesho mjini. Mimi nimebaki nikavuta ndoo, Chitanda ameongeza bei ya saa.

Saa saba kelele bondeni. Nikakimbia. Ausi na shoka. "Nti huu leo unalala chini! Ntu mzima ananyimwa maji kwa ajili ya kivuli!" Sasa kila mtu amesikia neno kivuli. Wakageuka wakanitazama, na mimi nimesimama kwenye njia, ndoo mkononi.

Somoe alikuwa ameukumbatia mti. Mdogo wangu yule, na tumbo la miezi mitano, ameukumbatia mkorosho wangu, shavu kwenye gome. Hakupiga kelele. "Ausi, mti huu si wako wala si wangu. Rudi nyumbani." Ausi akatupa shoka chini, akalia kama mtoto, akaenda zake.

Watu walinisubiri niseme neno. Moja tu lingetosha. Nikaihamishia ndoo mkono wa pili. Bi Fatu akapita karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Hongera, mwanangu. Umeshinda." Nilitamani ardhi inifunike.

Na hapo hapo, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu kwa jinsi alivyoushika mti ule. Mimi sijawahi kuushika hivyo.

Jumamosi, 30 Agosti

Mkutano ofisi ya kijiji. Kimaro, mwenyekiti, kamati, na watu mpaka nje ya madirisha. Kimaro akasoma: miezi mitatu hakuna marejesho. Akasema kabla hatujaihamisha, aliyepewa atoe sababu kama anayo. Mashine inafanya kazi, yeye kaiona kwa macho yake.

Wote walijua. Kamati ilijua, si walisikia Nane Nane? Hakuna aliyetaka kuingia kati ya watoto wa mama mmoja. Walimwachia Somoe aseme. Kimaro peke yake ndiye asiyejua, na neno moja la Somoe lingemtosha. Angekuja saa nane mchana akaona, na jina langu lingefutwa mara ya pili, safari hii na sababu yake ikisomwa mbele za watu.

Nikawa naitazama kalamu mezani kwa Kimaro.

Somoe akasimama, mkono kiunoni kwa uzito wa mimba. Akasema, "Ni mimi. Nilimwagilia vibaya, na nilipanda matuta mengi kuliko nguvu zangu. Mashine haina kosa."

Mtu akapaza sauti kutoka dirishani, "Somoe, sema!"

"Nimeshasema."

Akakaa. Hakunitazama. Ausi alikuwa ametoka.

Wakaniita nisaini. Nikasaini, kwa mwandiko wangu mzuri. Kimaro akanipa mkono. Watu hawakupiga makofi.

Hata hapo kanishinda. Nimepata pampu, nimepata jua, na bado ni yeye aliyetoka mle ndani akiwa mkubwa. Nimekaa hapa namwonea wivu kuliko siku ile mafundi walipokuja.

Alhamisi, 11 Septemba

Mafundi wale wale wamekuja. Wamevunja zege bondeni, wakahamisha kila kitu huku juu kwangu: nguzo, kioo, pampu, tangi. Kimaro hakuwepo. Somoe alikuwepo. Hakuna aliyemwita. Alikuja kuwashikia nyaya.

Fundi mrefu akainuka kujinyoosha, akatazama juu. Akautazama mkorosho, akatazama nguzo, akapima kwa mkono hewani. Akamwambia mwenziwe, "We, tuliiweka chini ya mti?" Mwenziwe akasema Machi kivuli hakikuwepo. Wakacheka kidogo, wakaona haya. Yule mrefu akasema wangetuambia tu, matawi mawili yangetosha.

Somoe akaendelea kushika waya. Mimi nikaendelea kushika mwingine. Tulikuwa karibu, kiwiko changu kilikuwa kinagusa chake.

Saa kumi maji yakatoka kwangu. Mengi. Nilinawa uso. Yalikuwa na ladha ya chuma.

Alhamisi, 18 Septemba

Wiki moja. Chitanda hanioni tena mlangoni kwake. Bega limepoa. Nimeshusha mchicha, hamsini fungu. Nimeuza wote kabla ya saa nne.

Sharti la mradi sasa: mwenye pampu auze maji kwa wenzake kwa bei ya kamati, hela iingie mfuko wa matengenezo na kidogo ibaki kwake. Wawili wamekuja. Wanaongea na mimi kwa adabu nyingi. Wakiondoka wanaongea kwa sauti nyingine.

Jumapili, 5 Oktoba

Korosho za kwanza zimeanguka. Nikashuka bondeni na ndoo kuokota.

Nilikuwa chini ya mti mpaka saa saba, nane, tisa. Kivuli hakikwenda upande ule. Jua limerudi utosini, na kivuli kinalala mashariki, kwenye magugu. Pale zilipobaki kokoto za zege, jua linapiga kutwa nzima. Mwezi mmoja. Wangesubiri mwezi mmoja tangu mkutano, maji ya Somoe yangerudi yenyewe, bila panga, bila mimi. Nami nilikuwa najua jua lilihama. Nilijua tangu Juni, na lililohama hurudi. Sikutaka kulifikiria.

Za matawi yale mawili niliziokota mbali, nisichanganye, nijue. Nusu ndoo.

Nyanya za mwisho za Somoe zimeanza kuzaa. Ameacha matuta yote ya chini, amebaki na manne, ananywesha kwa ndoo. Mimba imekua. Ausi akirudi bandarini anamsaidia, lakini siku za meli harudi mapema. Matuta manne hayawezi.

Nilitaka kumwita. Nilifungua mdomo. Ikatoka salamu tu.

Jumanne, 14 Oktoba

Asubuhi tulivu. Jua zuri, tangi limejaa mapema. Nilikuwa napanga miche ya kabichi.

Somoe akapanda kutoka bondeni, polepole, akisimama kupumzika. Akasalimu. Akasema anataka maji ya saa moja, yashuke kwa mfereji mpaka kwenye nyanya zake. Aliniita Bi Hawa, kama wanavyoniita wateja.

Nikasema, "Somoe, nenda, nafungua tu." Akasema hapana, bei ya kamati ni bei ya kamati. Akafungua pindo la kanga kwa meno, akatoa sarafu, akaziweka juu ya tangi. Akashuka kwenda kuyasubiri mwisho wa mfereji.

Nikafungua bomba. Maji yalichukua muda kufika. Nilisikia jembe lake likiyaelekeza, kidogo kidogo.

Nikazichukua zile sarafu, nikazihesabu. Zilikuwa kamili.